Tupeane uzoefu: andiko ulilolijua tangu utotoni, siku moja ukaliuliza swali

Msafiri wa Mtongwe
Bwana asifiwe wapendwa, na salamu kwa wasio wa imani yetu pia. Jana jioni feri ya Likoni ilikuwa imejaa hadi hapana pa kukanyaga, na mhubiri wa jioni alikuwa amefika kwa mwana mpotevu. Nguruwe, maganda, baba anakimbia, pete, ndama aliyenona. Watu amina, amina. Mzee mmoja aliyepakata kapu la maembe akauliza kwa sauti ya kawaida tu: "Na yule mkubwa, mwishowe aliingia ndani au alibaki nje?" Mhubiri akasema aliingia. Mzee akasema, "Imeandikwa wapi?" Feri ikagusa ng'ambo, watu wakatawanyika.

Mimi nimefundisha shule ya Jumapili miaka 11. Nilifika nyumbani, kabla sijavua viatu nikafungua Luka 15. Hakuna. Kaka mkubwa anakataa kuingia karamuni, baba anatoka nje, anamsihi, anamwambia ilipasa kufurahi, sura inaisha. Hadithi niliyowaigizisha watoto kila mwaka, na ndama wa katoni tumemtengeneza, sikuwahi kuona kwamba haijafungwa. Usiku mzima nimejiuliza nimesoma nini miaka yote hiyo. Mwenzangu ambaye yamemkuta, aseme.

Binti Kisauni
Huyo mzee wa maembe namtaka aje kwetu ibada ya katikati ya wiki.

Mwalimu Mstaafu, Changamwe
Msafiri, rudi juu kidogo, mstari wa 12. Mdogo anasema, nipe sehemu ya mali inayoniangukia. Kisha imeandikwa "Akawagawia vitu vyake." Hakusema akampa. Akawagawia. Silabi moja hiyo "wa" niliipita miaka 40, mimi niliyekuwa nasahihisha viambishi vya watoto wa watu kwa kalamu nyekundu. Maana yake mkubwa naye alipata fungu lake siku ile ile. Sasa anaposimama nje akilalamika hajapewa hata mwana-mbuzi, zizi ni la nani? Na baba anamwambia hivyo hivyo: vyote nilivyo navyo ni vyako.

Halafu soma mstari wa 1 na wa 2 uone waliokuwa wakisikiliza. Watoza ushuru wamekaribia, Mafarisayo wananung'unika. Wanaonung'unika ndio wamesimama nje ya karamu. Labda ndiyo sababu mwisho haukuandikwa. Ulikuwa wao waujibu.

Msafiri wa Mtongwe
Mwalimu, umeninyima usingizi mara ya pili.

Dereva wa Magongo
Mimi yangu ni Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Nimeendesha matatu yenye maneno hayo kioo cha nyuma miaka sita. Kila nikipita gari nyingine pale Makupa najiambia nayaweza. Mwaka jana nilikaa bila kazi miezi mitano, mke akaniuliza, haya, leo unayaweza? Sikumjibu, niliingia chumbani na hasira. Nikasoma mistari miwili ya juu yake. Paulo anasema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote, kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Tena sura ya kwanza anasema yuko katika vifungo. Kumbe "mambo yote" ni pamoja na njaa. Nilirudi sebuleni nikamwambia mke, naam, hata hii naiweza. Tukala ugali na mchicha.

Neema ya Bamburi
Amina kaka. Hii imenigusa.

Mama Cherehani
Sijawahi kuandika hapa. Nisomeni polepole maana naandika kwa simu.

Nakaa Mikindani. Mume wangu alifariki, akaniachia watoto watatu na cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Hiyo cherehani ndiyo ilikuwa baba wa nyumba. Sare za shule, madera, mapazia ya watu. Kanyagio lake lilikuwa limelika upande wa kulia, mahali ambapo unyayo wangu ulikaa, hadi chuma kilikuwa laini kama sahani.

Kanisa nililokuwa nasali, silitaji, kulikuwa na wiki ya mbegu, yaani ya kutoa sadaka ukitarajia kuvuna baraka. Siku ya nne likahubiriwa andiko la mjane aliyetia senti mbili. Tukaambiwa, mjane alitoa chote, wewe umebakiza nini? Mimi ni mjane. Niliona kama nimeitwa kwa jina. Jumamosi nikaiuza cherehani, 14,000, kwa mtu wa Magongo aliyekuwa ananitaka nimuuzie siku zote. Jumapili nikazipeleka zote ndani ya bahasha. Niliombewa, nikalia, nikatoka nimejaa matumaini kwelikweli. Siwadanganyi, furaha ile ilikuwa ya kweli.

Mwezi ukaisha. Kodi 6,500 sina. Wateja wanakuja na vitambaa nawaambia rudini kesho. Jioni moja tumekaa na chai ya rangi bila kitu, binti yangu wa miaka tisa akaniuliza, "Mama, yule mjane wa kwenye Biblia, jioni ile alikula nini?"

Nilimkaripia. Nikamwambia Mungu alimpa. Akasema, "Tuonyeshe tusome."

Nikachukua Biblia ya marehemu baba yao, Marko 12, nikaanza kutafuta mahali mjane alipopewa. Hapapo. Yesu anasema ametia riziki yake yote, basi. Nikadhani nimeruka mstari. Nikapanda juu. Mstari wa 40, unaogusana kabisa na habari ya mjane, Yesu anawasema waandishi "ambao hula nyumba za wajane, na kwa unafiki husali sala ndefu." Kisha anakwenda kukaa kuelekea sanduku la hazina, na mjane huyo anakuja. Nikashuka chini, sura ya 13, wanafunzi wanasifia mawe ya hekalu, anawaambia halitasalia jiwe juu ya jiwe.

Jamani, habari hiyo nimeisikia ikihubiriwa tangu niko msichana Taita. Hakuna siku hata moja niliyosomewa mstari wa 40 pamoja nayo. Niliinamia meza, binti ananishika bega ananiuliza nimekosea wapi kusoma.

Binti Kisauni
Mamangu pole. Pole sana. Nimesoma nikiwa kwenye tuktuk nimepitiliza kituo.

Msafiri wa Mtongwe
Swali la mtoto hilo lina miaka tisa, nasi wenye ndevu hatukuliuliza.

Mlinzi wa Madhabahu
Dada, nakuhurumia, lakini tuwe na hofu ya Mungu. Yesu alimsifu yule mjane. Alisema ametia zaidi ya wote. Msitumie uchungu wa mtu mmoja kuvunja watu moyo wa kutoa. Na imeandikwa, "Msiwaguse masihi wangu," yaani wapakwa mafuta wa Mungu.

Dereva wa Magongo
Mlinzi, mtoto amelala na chai ya rangi, unaongea habari ya kugusa?

Mlinzi wa Madhabahu
Mimi naongea Neno. Kutoa kumenitoa mbali, nina ushuhuda wangu.

Mwalimu Mstaafu, Changamwe
Tusifokeane. Tufanye lile tulilolijia. Mlinzi ndugu yangu, twende Zaburi 105, lilipo hilo la masihi wangu. Hao masihi ni kina nani pale? Rudi mistari michache: Ibrahimu, Isaka, Yakobo, wakiwa watu wachache, wageni, wakitangatanga taifa hata taifa. Na wanaokemewa ni nani? Wafalme. Kwa hiyo ni neno la kumkinga mgeni asiye na nguvu asionewe na mwenye enzi. Ukiliweka Mikindani, kati ya mama na aliyeshika bahasha, nani ni mgeni maskini na nani ni mfalme?

Na hili la kusifu, uko sawa, alisema ametia zaidi ya wote. Silikatai. Ila kwa Msamaria, Luka 10, alimaliza kwa kusema nenda ukafanye vivyo hivyo. Kwa mjane hakusema. Kwa nini pale aliagiza na hapa hakuagiza? Mimi mwenyewe naliuliza, sijamaliza.

Mlinzi wa Madhabahu
Hilo la Zaburi 105 nitalisoma. Kuhusu mjane sijakubali.

Neema ya Bamburi
Angalau amesema atasoma. Wengine tungekuwa tumeshatukanwa.

Yusuf wa Kibokoni
Asalaam aleikum jirani zangu. Mie si Mkristo, nawasoma kimya tangu asubuhi, na habari ya mama imenichoma. Mama, Mola akufungulie. Nina swali langu la miaka. Sisi twamjua Nabii Yunus, kisa chake kimetajwa Sura ya 37 ya Kurani, aliyemezwa na samaki. Katika kitabu chenu, alikimbia kwa nini hasa? Rafiki zangu wote Wakristo hunambia aliogopa watu wa Ninawi.

Nesi wa Zamu
Kaka Yusuf, nami niliambiwa hivyo hivyo. Soma Yona 4:2, anasema mwenyewe. Alikimbia kwa sababu alijua Mungu ana neema na huruma, atawasamehe. Hakuogopa wamuue, aliogopa wasamehewe! Na kitabu kinaishia kwa swali: je, haikunipasa kuhurumia Ninawi, mji wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama pia. Yona hajibu.

Msafiri wa Mtongwe
Kama kaka mkubwa wa Luka 15! Amekasirika nje, anaulizwa swali, kimya.

Yusuf wa Kibokoni
Basi hapo nimepata kitu cha kupeleka barazani kwenye kahawa leo. Shukran dada.

Kijana wa Tudor
Mwenye duka mtaani kwetu amepaka rangi ukutani: mwanzo wako ulikuwa mdogo lakini mwisho wako utaongezeka. Ayubu 8:7. Nimemuuliza nani anasema hapo, akasema Mungu. Ni Bildadi, mmoja wa rafiki za Ayubu! Na Ayubu 42 Mungu anawaambia wale rafiki watatu hawakunena yaliyo sawa. Nimwambie afute au nimwache, maana soda ananikopesha?

Dereva wa Magongo
Lipa deni kwanza, halafu mwambie.

Binti Kisauni
Usimwambie. Kweli nyingine zinangoja.

Mwalimu Mstaafu, Changamwe
Mwambie, lakini msome naye sura nzima ya 8 mkiwa mmekaa. Bildadi hakosei kila neno, anakosea mtu anayemwambia. Anamhubiria mafanikio mtu aliyefiwa na watoto kumi.

Nesi wa Zamu
Kwa kuwa tumefika kwa waliofiwa, niseme langu. Zamu ya usiku, wodi ya wanawake, bibi mmoja wa Rabai alikuwa anaondoka. Hakuwa na mtu. Aliniomba Zaburi 23 nami naijua kwa moyo, nikaanza kuitiririsha kama mashairi ya shule huku natazama dripu. Akanishika mkono akasema, "Polepole. Hapo umebadilisha." Nikasema sijabadilisha bibi. Akasema, "Mwanzo ulikuwa unamsema. Sasa unasema naye."

Nikarudia. Hunilaza, huniongoza, hunihuisha, yote ni yeye, yeye. Kisha inafika bonde la uvuli wa mauti: "Kwa maana Wewe upo pamoja nami." Kwenye majani mabichi anazungumziwa. Bondeni anazungumziwa naye uso kwa uso. Nimeimba zaburi hiyo kwenye mazishi mangapi sijui, na aliyenionyesha ni bibi ambaye, aliniambia, hakumaliza darasa la pili. Alifariki kabla ya adhana ya alfajiri.

Neema ya Bamburi
Nimeifungua sasa hivi. Ni kweli. Mstari wa 4.

Kijana wa Tudor
Sasa jamani mnasomaje ili muone? Mimi nasoma sura nzima sioni kitu.

Mwalimu Mstaafu, Changamwe
Nakili kwa mkono. Mistari mitano tu kwa siku. Mkono ni mvivu, hauwezi kuruka kama jicho.

Dereva wa Magongo
Usinakili, utachoka siku ya tatu. Uliza tu nani anasema, anamwambia nani, na nini kimetokea mstari wa juu.

Nesi wa Zamu
Soma kwa sauti mbele ya mtu asiyeijua. Yeye ndiye atauliza.

Mlinzi wa Madhabahu
Omba kwanza. Halafu mtafute wa kukuongoza, kama towashi Mkushi wa Matendo 8, aliyekuwa akisoma kitabu cha nabii Isaya. Filipo alimuuliza, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?"

Msafiri wa Mtongwe
Mlinzi, hapo nakuunga mkono. Na ona, towashi naye aliuliza swali zuri: nabii anasema habari zake mwenyewe au za mtu mwingine? Hakukemewa. Filipo alianzia andiko lilo hilo.

Kijana wa Tudor
Babu alikuwa na Biblia ya lugha ya nyumbani, Kigiriama. Nikilinganisha na Biblia ya Kiswahili ya Union Version, ile ya 1952, mahali zinapotofautiana napata swali. Kumbe nilikuwa na njia nikidhani sina.

Mwalimu Mstaafu, Changamwe
Nawe uko mahali pake. Mwaka 1844 mmishonari Krapf alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili hapa hapa Mombasa, mwaka ule ule alipomzika mkewe na mtoto. Mtu anayetafsiri hawezi kupita neno bila kuliuliza.

Binti Kisauni
Mama Cherehani uko wapi? Kodi iliishaje? Cherehani?

Mama Cherehani
Nipo. Nilikuwa nachota maji. Kodi kaka yangu alinisaidia nusu, mwenye nyumba akasubiri. Cherehani sijapata, nashonea kwa jirani, namlipa kwa siku. Kutoa sijaacha, Mlinzi. Jumapili iliyopita nilimpelekea mama mgonjwa wa jirani unga kilo mbili.

Nimemsomea binti majibu yenu. Amekaa na ile Biblia hapa mkekani. Ameniuliza jingine: yule mjane alijua kwamba Yesu anamtazama?

Nimesoma mara tatu. Mstari wa 43 unasema aliwaita wanafunzi wake. Mjane hakuitwa.