Tupeane uzoefu: Krismasi ya mfuko mdogo, wewe huanza kujipanga lini?

Mama Tabata
Wakuu, habari za majukumu. Jana jioni tunachambua mchicha, mwanangu wa darasa la 3 akaniuliza, "Mama, mwaka huu tunaenda kwa bibi?" Nikamwambia tutaenda. Usiku usingizi ukagoma, nikabaki nahesabu. Nauli ya watu wanne kwenda Marangu na kurudi. Cha kuwapelekea wazee, maana kwa mama mkwe huwezi kuingia mikono mitupu. Nguo za watoto. Mchango wa mbuzi wa ukoo. Halafu nikirudi tu nakutana na sare, madaftari, michango ya shule na kodi ya nyumba ya miezi 6.

Kinachoniumiza zaidi ni huo mshahara wa Desemba. Kwetu unatoka mapema, tarehe 20 hivi, watu wanashangilia. Lakini ukihesabu mpaka mshahara wa Januari utoke ni kama wiki 6 unaishi kwa hela ya mwezi mmoja, na sikukuu iko humo humo.

Ndiyo kwanza Septemba, na mkopo sitaki. Wanaojipanga mapema waseme wanafanyaje hasa: mnaanza na nini, na kipi kiliwahi kuwaharibikia?

Mrombo wa Mkuu
Anza na tiketi. Mengine yote baadaye.

Umenikumbusha Desemba 22, 2021, stendi ya Magufuli pale Mbezi. Mimi, mke wangu, mtoto mchanga na mdogo wangu wa kike. Tiketi nilikata wiki mbili kabla, ofisini kwao kabisa, si kwa mpiga debe. Saa 11 alfajiri tunapanda, siti zetu zimekaliwa. Wale waliokaa nao wana tiketi, namba zile zile, jina la kampuni lile lile, ila wao wamelipa karibu mara mbili ya nilicholipa mimi. Konda anasema shukeni mkaongee na ofisi, ofisi imefungwa. Basi likaondoka na mabegi yetu mawili yakiwa kwenye buti. Mabegi yenyewe ndiyo yenye nepi na maziwa ya mtoto.

Tulishinda pale stendi mpaka usiku. Jua linawaka, mtoto analia, kila gari linaloingia watu wanalivamia kabla halijasimama, wengine wanapitisha watoto madirishani washike siti. Mke wangu alikaa chini kwenye sakafu akasema turudi nyumbani, na kurudi penyewe tungerudi na nini wakati gesi na vyakula tulishamaliza ili visiharibike? Kesho yake asubuhi tukapata nafasi kwa 60,000 kila kichwa, nikamtumia kaka ujumbe anikopeshe. Mabegi tuliyakuta Moshi mjini, tunashukuru Mungu.

Tangu hapo nakata tiketi ya mtandao mwezi Novemba mwanzoni, tena napanda tarehe 15 au 16. Familia inatangulia, mimi nafuata kazi ikifungwa.

Pilipili Mbuzi
Wachaga na Desemba! Lazima mkahesabiwe 😂 Ila pole sana mkuu, na mtoto mchanga tena.

Suka Mstaafu
Nimeendesha basi la kaskazini miaka mingi, acha niseme upande wa pili. Desemba basi linapanda limejaa mpaka mlangoni, linashuka Dar likiwa na abiria wanne. Mafuta ni yale yale. Tajiri mwenye basi anafidia safari ya kurudi kwenye nauli ya kwenda. Januari inageuka, linashuka limejaa, linapanda tupu. Watu wanaona wizi tu.

Mrombo wa Mkuu
@Suka Mstaafu hapana. Nauli elekezi ya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, haisemi "isipokuwa Desemba". Ilipopandishwa Desemba 2023 daraja la kawaida likawa shilingi 48.47 kwa kilometa. Dar mpaka Moshi zidisha mwenyewe, 30,000 haifiki. Basi la daraja la kawaida likidai 60,000 hilo ni kosa, hakuna cha kufidia hapo. Na kuuza siti moja mara mbili kunafidia nini?

Suka Mstaafu
Siti mara mbili sitetei, huo ni uhuni. Nimezungumzia nauli.

Mrombo wa Mkuu
Basi useme hivyo hivyo tangu mwanzo.

Kigoma Mwisho wa Reli
Jamani msigombane. Sisi Desemba 2020 tulipanda treni Dar mpaka Moshi. Ile safari ilikuwa imekufa zaidi ya miaka 20, ikarudi Desemba 2019, mwaka uliofuata ikafika Arusha. Unaondoka jioni unafika asubuhi, nauli chini ya basi, mtoto anatembea ndani anachoka analala. Ulizia kwanza ratiba kabla hujategemea, mvua ikiharibu reli safari husimama. Na wa Dodoma na Singida tumieni treni ya umeme ya SGR mpaka Dodoma, ila nayo Desemba usingoje wiki ya mwisho.

Mtumishi
Kuzaliwa kwa Bwana ni ibada. Mbuzi, nauli, nguo mpya, vyote hivyo mmejitwisha wenyewe. Mwaka mmoja kaeni Dar, nendeni misa ya mkesha, pikeni wali na maharage, mlale. Kuna aliyekufa?

Mama Tabata
@Mtumishi nakuelewa. Lakini mama mkwe ana miaka 81 na hajamwona huyu wa darasa la 3 tangu alipokuwa anatambaa. Kwenda nitaenda. Natafuta namna.

Binti wa Pongwe
Mimi ni Mwislamu, ila Krismasi kwetu Tanga ni ya mtaa mzima. Jirani yangu akipika sahani zinakuja kwangu, Idi zinatoka kwangu. Cha kwangu ni mchele: usinunue Desemba. Mpunga unavunwa kuanzia Mei, Juni, Julai bei iko chini. Mimi nachukua gunia la mpunga, si la mchele. Mpunga na maganda yake unakaa bila kupata wadudu haraka, nakoboa kidogo kidogo. Ukiwa na mchele tayari, weka pilipili kavu nzima ndani ya ndoo na ufunge vizuri. Sasa hivi Septemba bado hujachelewa sana.

Pilipili Mbuzi
Ukinunua gunia Septemba, ndugu watajua. Novemba unasugua chini ya ndoo. Mimi nashauri usinunue chochote cha kuliwa mapema, weka hela.

Binti wa Pongwe
Hela ndiyo inayoliwa haraka, si mchele. Mchele mpaka uupike.

Kijana wa Kyela
Na hela yenyewe iangalieni. Bibi yangu alikuwa na mkebe wa maziwa ya unga anadumbukiza noti, kila akiuza ndizi anaweka, ya sikukuu na ya kutuvalisha sisi wajukuu. Noti za 500 ndizo alizozipenda, anasema sarafu zinapiga kelele wezi watasikia. Mjomba akaja kuufungua Juni 2025. Benki Kuu ilishatangaza, noti za zamani za 1985 hadi 2003 pamoja na ile ya 500 ya 2010 zirudishwe benki kati ya Januari 6 na Aprili 5, 2025. Redio ya bibi ilikuwa haina betri. Karibu mkebe wote ukawa karatasi. Bibi hakulia, aliuliza tu, "Kwa hiyo ndizi zangu nimewapa watu bure?" Bibi yangu sikuwahi kumwona mnyonge hivyo.

Ukiwa na kibubu, au mzazi wako anacho, kifungue kila baada ya miezi michache.

Mfugaji wa Chanika
Duh, hiyo ya bibi imenikaa.

Mimi ni kuku. Watu wananunua vifaranga vya kienyeji Julai au Agosti wapate wa sikukuu na wa kuuza, wazo zuri, kisha ugonjwa wa kideri unapita Oktoba banda lote linabaki na manyoya. Chanjo ya matone ya jicho kila miezi 3, ni hela ndogo sana ukilinganisha na hasara. Kama umechelewa basi broila, wiki 5 au 6 wanachinjika. Ingiza banda katikati ya Novemba. Wauze tarehe 22, 23, usingoje 24 jioni wakati kila mtu ameshanunua.

Mama Wawili
Wenye nafasi ya banda ndiyo mnaongea. Sisi tuliopanga chumba na sebule?

Ingo wa Kakamega
Jambo ndugu zangu wa huko. Kwetu tunafanya chama cha ng'ombe. Watu kama 20 wa kijiji wanatoa kidogo kila mwezi kuanzia Januari, mwezi wa kumi dume linanunuliwa bei ikiwa bado chini, linalishwa na mtu mmoja analipwa. Tarehe 24 asubuhi linachinjwa, kila mtu anabeba fungu lake. Hakuna kupigania nyama buchani. Hata mimi niliye Nairobi chumba kimoja niko ndani, fungu langu linanikuta nyumbani kwa mama. Njaanuari haiwezi kukuumiza sana kama nyama haikutoka kwa mshahara wa Desemba.

Mama Wawili
Hii nimeipenda. Na kikoba je, kikundi cha kuweka na kukopeshana? Kuna mtu kikoba kimemsaidia?

Dada wa Ifakara
Kikoba. Wacha niwaambie.

Tuko wanawake 25. Tunakutana kila Jumamosi, hisa, mfuko wa jamii, mikopo, kila kitu kwenye daftari. Sanduku la chuma lina kofuli tatu, funguo wanashika wanawake watatu tofauti, sanduku linalala kwa mhazini. Yaani hata mhazini mwenyewe hawezi kulifungua. Mwisho wa mwaka mikopo yote inarejeshwa, tunahesabu, Jumamosi inayofuata tunagawana. Nguo za sikukuu, mbolea, ada, kila mtu ana hesabu zake, wengine wameshakopa duka kwa kuahidi Jumamosi hiyo.

Siku ya kugawana tumevaa sare za kikundi, pilau iko jikoni. Sanduku likaletwa. Wenye funguo wakafungua moja, mbili, tatu. Mwenyekiti akainua mfuniko. Ndani kuna daftari, kikombe cha kuwekea mfuko wa jamii na mchanga umefungwa kwenye kanga.

Pilipili Mbuzi
MCHANGA???

Mfugaji wa Chanika
Aisee. Na kofuli nzima?

Mama Wawili
Mhazini huyo. Nani mwingine?

Dada wa Ifakara
Kofuli nzima kabisa. Mhazini alianguka pale pale. Watu wengine wanamshika, wengine wanamvuta kanga wanamwambia aamke aache maigizo. Mama mmoja alikuwa anategemea hela ile kumrudisha mtoto chuo, akawa anazunguka kwenye ua anaongea peke yake. Nikaja kugusa sanduku nyuma, skrubu za bawaba zinacheza. Alifungua nyuma, akatoa, akarudishia. Narudi, natumwa dukani.

Kigoma Mwisho wa Reli
Usitufanyie hivyo!

Suka Mstaafu
Polisi moja kwa moja. Hapo hakuna kikao.

Mtumishi
Polisi wakishaingia hela hamtaiona tena na ujirani umekufa. Kaeni na wazee kwanza.

Suka Mstaafu
Hela ya wanawake 25 mkae na wazee? Ndiyo maana wezi wa vikoba hawaishi.

Fundi Cherehani Mbagala
Samahani natoka nje ya hilo kidogo. Kwa wanaoshona: leteni vitambaa sasa. Ukileta Desemba 10 fundi atapokea kwa sababu anaogopa kukupoteza, na hatamaliza, mtoto wako ataenda kanisani na nguo haina vifungo. Mtoto mkubwa mwachie pindo nene ndani, mwakani unaachia. Na mitumba ya watoto ni nafuu sana miezi hii kabla wote hamjaingia Karume kwa wakati mmoja.

Mama Wawili
Mafundi nyie! Mmoja kanizungusha mpaka tarehe 26, na advansi kala.

Fundi Cherehani Mbagala
Pole dada, wa hivyo wapo. Andikiana naye tarehe, advansi nusu tu, nusu nguo ikiisha.

Pilipili Mbuzi
Dada wa Ifakara rudi tafadhali.

Dada wa Ifakara
Nimerudi. Mwizi alikuwa mjukuu wa mhazini, kijana wa miaka 19 aliyekuja kutoka mjini kukaa kwa bibi yake. Alikimbilia Mikumi, akakamatwa wiki ile ile, maana tulienda polisi na kwa wazee pia, wote wawili mlikuwa sahihi. Hela ilikutwa chini ya nusu, nyingine alishakula kwenye kubeti na simu. Mhazini aliuza shamba lake la mpunga ekari moja bila kuambiwa na mtu. Ilipofika Pasaka tulikuwa tumelipwa wote.

Lakini Krismasi ile ilikuwa mbaya. Na yule mhazini hakurudi kwenye kikundi tena. Tulimfuata, tukamwambia hatuna neno naye, akasema hawezi kukaa mbele ya lile sanduku. Hili ndilo linaloniuma kuliko hela, kwa sababu alikuwa mwaminifu kuliko sisi wote.

Na kikoba sijaacha. Mwaka jana kimenivalisha watoto watatu na ada ya mmoja.

Mama Tabata
Pole sana dada yangu. Nimesoma kila neno. Sasa mimi mchele naanza wiki hii, vitambaa mwezi ujao, tiketi Novemba kama alivyosema Mrombo. Ila hapa mtaani kuna kikundi wananiita nijiunge mzunguko wa Januari, kwa ajili ya Krismasi ya mwakani. Nyie sanduku lenu siku hizi linakaa wapi?

Dada wa Ifakara
Nyumba tofauti kila wiki, na linatoka mkutanoni limefungwa kwenye gunia. Hela nyingi hatuachi humo, zinaingia kwenye akaunti ya kikundi ya simu, kutoa mpaka watu watatu wakubali. Na ukijiunga, siku ya kwanza omba kuliona sanduku kwa nyuma. Letu tulilipeleka kwa fundi, bawaba zimechomelewa.