Spika za inchi 3 zinatoaje besi ya chini hivi? Au nimerogwa

sauti_chini
Wakuu habari zenu, naombeni msaada wa kielimu. Nina amplifaya ndogo ina kitufe cha besi, sio ekwalaiza ya kawaida, nikikiwasha gitaa la besi linashuka chini kabisa na spika zenyewe ni vikoni vya inchi 3. Nikafungua programu ya kupima masafa kwenye simu nikapiga noti ya 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde), pale kwenye 50 pamelala, hamna kitu!! Ila masikioni naisikia kabisa.

fundi_koili
Kwanza maiki ya simu usiiamini sana huko chini, nayo huwa inakata. Ila hujarogwa mkuu, ubongo wako ndio unajazia. Noti ya 50 kwenye muziki haiji peke yake, inakuja na watoto wake 100, 150, 200 na kuendelea, hizo ndio harmoniki. Spika yako 50 haiiwezi ila watoto inawapiga vizuri, sasa ubongo ukisikia wamepishana kwa 50 50 unajua mama yao nani, unakusikilizisha hata kama hayupo. Kitufe chako kinachukua besi ya chini, kinaitengenezea harmoniki zaidi, halafu ile ya chini yenyewe mara nyingi kinaikata ili koni isihangaike bure. MaxxBass, ile teknolojia ya besi ya kampuni ya Waves, ni mambo hayohayo. Simu za mezani si zilikuwa zinapitisha 300 mpaka 3400 Hz tu, na sauti ya mwanaume inaanzia kwenye mia na kitu, mbona hatukuwahi kusikia baba mtu akiongea kama katoto?

sauti_chini
Duh. Sasa si bora nipandishe tu ekwalaiza?

mzee_wa_wati
Thubutu uone moshi. Ukipandisha sauti desibeli 10 ni nguvu mara 10, yaani ulikuwa unakula wati 5 sasa unataka 50, amplifaya yako inazo? Na koni kila ukishuka oktava moja (yaani Hz zikiwa nusu) kwa sauti ileile inabidi icheze mara 4 zaidi, kakoni kenyewe hako kataruka mpaka koili igonge chini.

kifua_mbele
Mi naichukia hiyo besi ya kitufe. Noti moja sawa, zikija mbili kwa pamoja, mfano 50 na 70, inazaa na takataka kama 120 ambayo haihusiani na yeyote, wimbo unakuwa uji. Na kifuani husikii kishindo, maana hewa ya 50 haijasukumwa, ubongo utadanganyika ila mbavu hazidanganyiki. Mwenye sabufa aizime.

fundi_koili
Hapo kweli, ukizidisha ni uji. Mi naiweka robo tu.

sauti_chini
Kwa hiyo ile 50 inayopenya kuta haitoki kabisa? Kumbe ndio maana jirani kaacha kugonga ukuta tangu ninunue hii, nilidhani kahama