Mgonjwa ameruhusiwa, pa kwenda hana: halmashauri itozwe faini?

Zamu ya Usiku: Wadau, hili linaniumiza. Daktari anapita raundi asubuhi, anaandika mgonjwa aruhusiwe, wiki ya pili mzee bado yuko wodini kwa sababu nafasi kwenye nyumba ya wazee haijapatikana, au mlezi wa kumhudumia kwake hajapangwa. Kule idara ya dharura watu wamelala kwenye machela koridoni. Sweden tangu 1990 halmashauri ndizo zinazolipia siku hizo, na idadi ya waliokwama ilishuka. Nasema halmashauri, yenye jukumu la kumtafutia mzee pa kwenda, itozwe faini kwa kila siku ya kuchelewa. Na nyumba za wazee nazo zibanwe, maana ikifika Ijumaa mchana simu hazipokelewi, wanatega mpaka Jumatatu.

Mlezi Mkuu: Tunatega? Dada, nimesimamia nyumba ya wazee miaka mingi na hilo limenichoma. Nikueleze kwa nini Ijumaa nakataa. Mgonjwa anashushwa saa nne usiku, bado na gauni la hospitali, kanula, ule mrija wa kupitishia dawa mshipani, imo mkononi. Barua inasema "aendelee na dawa zake", orodha hakuna. Kwenye mfuko mna vidonge vya siku mbili, na ile ya kuzuia damu kuganda haimo. Napiga wodini, zamu imeshabadilika, aliyeandika kaondoka. Akianguka usiku huo nitakayehojiwa ni mimi, si wodi.

Zamu ya Usiku: Kanula kusahaulika ni kosa, silitetei. Ila hakuna anayekaa kupanga mgonjwa afike usiku. Muhtasari wa mgonjwa anayetoka unaandikwa raundi ikiisha, famasia inapokea maagizo ya dawa ya wodi zote kwa mpigo alasiri, na gari la wagonjwa linakuja likipatikana. Usitufanye watu wasiojali.

Mlezi Mkuu: Na wewe umetuita wategaji.

Hesabu Kwanza: Turudi kwenye faini. Sweden ni 1992, si 1990. Uingereza nao walipitisha sheria ya namna hiyo 2003: pauni 100 kwa siku, 120 kwa London na kusini mashariki. Sheria ya 2014 ikaifanya hiari, ya 2022 ikaiondoa. Norway walianza 2012, krona 4,000 kwa siku. Siku za kusubiri zilipungua kweli, lakini wauguzi wa manispaa wakajikuta wanapokea watu walio wagonjwa kuliko zamani. Fedha ya faini inatoka mfuko uleule wa kuajiri walezi. Ukiuchota, kesho mlezi atatoka wapi?

Zamu ya Usiku: Umesisitiza waliofuta. Sweden hawakufuta. Sheria yao mpya ya 2018 iliongeza makali, halmashauri inaanza kulipa baada ya siku 3.

Hesabu Kwanza: Walihamisha na fedha kwenda halmashauri 1992, pamoja na jukumu la nyumba za wazee. Hilo husemi.

Binti wa Kwanza: Mnarushiana mpira na mzazi wangu yuko katikati. Baba aliingia hospitali anatembea kwa mkongojo. Alikaa akisubiri tathmini ya huduma atakayohitaji akitoka, na kila akitaka kusimama anaambiwa akae, ataanguka. Alitoka hawezi kunyanyuka kitini. Kuna utafiti wa 2007, wazee wenye afya njema walilazwa kitandani siku 10, wakapoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hao ni wazima! Sasa mzee anayetoka kwenye nimonia je?

Daktari Mstaafu: Pole sana, mwanangu. Ndiyo maana mimi nataka tathmini itoke wodini. Mtu apelekwe kwake akishatulia, halafu apimwe kulekule. Wodini utamwona akipanda kitanda chenye kitufe, huwezi kujua kama ataweza kuingia bafuni kwake au kupanda ngazi zake. Wengi tunawaandikia nyumba ya wazee ya kudumu wakati wangeweza kurudi kwao.

Mlezi Mkuu: Daktari, "atoke kwanza apimwe baadaye" tumeisikia. Machi 2020 hospitali za Uingereza ziliagizwa kutoa watu haraka, wakaletwa kwenye nyumba za wazee bila kupimwa korona. Aprili 2022 Mahakama Kuu ikasema sera ile ilikuwa kinyume cha sheria, kwa sababu hatari ya walioambukizwa bila dalili haikuzingatiwa. Waliozikwa ni wazee tuliokuwa tunawavisha kila asubuhi.

Daktari Mstaafu: Lile lilikuwa janga. Mimi nazungumzia mtu aliyevunjika nyonga siku ya kawaida.

Mlezi Mkuu: Ni jambo lilelile: aliyeamua si atakayempokea. Mnipe haki ya kutuma muuguzi wangu amwone mgonjwa kabla, na nikisema hapana iheshimiwe.

Zamu ya Usiku: Muuguzi wako atakuja lini? Kila nyumba ikituma wake, mgonjwa mmoja anapimwa mara tatu na siku zinakwenda. Awepo mmoja mnayemwamini nyote, apime kwa niaba yenu.

Mlezi Mkuu: Huyo nitamkubali asipokuwa mtu wa wodi. Na begi jekundu walilobuni Sutton, London, 2015: mzee akienda hospitali begi linaongozana naye, lina orodha ya dawa, karatasi za hali yake, miwani, kifaa cha masikio, nguo za kurudia. Hilo lingenitosha kuliko faini zenu.

Hesabu Kwanza: Begi halimsaidii asiye na nyumba ya kurudi.

Binti wa Kwanza: Daktari, umesema arudi kwake. Kwake ndiyo kwangu. Mlezi anapita nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, saa zilizobaki ni zangu, na kazini nimeshapewa onyo. Mnabishana nani alipe nani, mimi silipwi na yeyote wala simo kwenye fomu.

Daktari Mstaafu: Familia lazima ishiriki, mwanangu, hakuna serikali itakayoweza yote.

Binti wa Kwanza: Sijakataa kushiriki, mzee wangu, usiniwekee maneno mdomoni. Nataka kuulizwa kabla: nina kitanda kinachomfaa, nani wa kunisaidia kumgeuza, naweza usiku ngapi. Mimi nilipigiwa simu gari likiwa limeshaondoka hospitali.