Tupeane uzoefu: neno gani la ushonaji lilishakutia hasara?

Cherehani Mbili (mwanzisha mada)
Habari zenu mafundi na madizaina. Naanza mwenyewe ili msione aibu. Miaka minne nyuma nikapata oda ya blauzi 30 za shifoni, mama mwenye oda akanipigia akasema pembeni zote na mabegani anataka frenchi simu. Msicheke. Mi nikajua anaongelea simu ya mteja wake Mfaransa, nikaitikia sawa mama hakuna shida. Kumbe ni French seam, seam ni mshono kwa Kizungu. Nikapiga ovaloki (ile mashine inayokata kingo na kuzifunga kwa nyuzi) zote 30 nikapeleka, zikarudi zote siku hiyohiyo, na kufumua haiwezekani maana ovaloki imeshakula kitambaa, hakuna kilichobaki cha kushonea. Jirani yangu fundi mzee akaiangalia akasema si ile unashona kwa nje kwanza, unapunguza, unageuza unashona tena kwa ndani nyuzi zisionekane? Sisi tunashona hivyo siku zote! Na kweli mi mwenyewe nilikuwa naijua, madera ya shifoni nilikuwa nashona hivyohivyo. Kazi naijua, jina ndo silijui, na hela ilipotea kwenye jina.

Mzigo Umefika
Pole mkuu. Yangu si ya cherehani ni ya karatasi. Niliagiza kitambaa China nikasema nataka mia mbili, kwenye bei wameandika yds mi nikapita tu kama sijaona. Yadi ni sentimita 91 na kidogo, kwa hiyo mzigo ulivyofika Kariakoo nikapima mita 182 na ushee. Mita 17 hazipo, na kila gauni nakata mita 3 na nusu, hizo ni gauni karibu tano nimeshachukua advansi za watu. Nikaanza kugombana na muuzaji, akanitumia karatasi yangu mwenyewe nimesaini.

Atachi wa Tao
Mimi niko Nairobi. Nikiwa kwa atachimenti, bosi akaniambia nimletee maslini ya ile koti kabla ya saa nane. Nikakimbia Biashara Street nikanunua mita tatu za kile kitambaa laini cha kufungia watoto, na pesa ni yangu ya fea. Kufika, ofisi nzima inacheka. Kumbe alitaka koti ya majaribio, ile unashona na kaliko ya bei rahisi uone kama patani inakaa mwilini kabla ukate kitambaa ya ukweli. Wamarekani wanaiita maslini hata kama imeshonwa na kaliko, Waingereza wanaiita twali. Sasa mtu atajuaje hiyo kama hajafunzwa?

Cherehani Mbili
Huku kwetu tunajaribishia amerikani. Na hilo jina nalo lina historia yake, ni kitambaa kilichokuja Zanzibar na meli za Wamarekani karne ya 19, kikabaki na jina la waliokileta.

Binti Fundi Kanzu
Shikamooni wakubwa. Naomba nipingane kidogo na mwenye mada, maana mnavyoongea kama vile istilahi ni Kizungu tu. Babu yangu alikuwa akishona kanzu Unguja na kila kipande kilikuwa na jina lake. Badani ni kile kipande kikubwa cha mbele na cha nyuma, taharizi ni vile vya ubavuni vinavyoipa kanzu upana, kikwapa ni kile kidogo cha chini ya mkono, sijafu ni ule upindo wa ndani. Ukikosea kumpa alichotaja anakurushia mkasi. Nimefika chuo mwalimu anahangaika wiki nzima kufundisha gaseti, kwamba ukitia kipande cha pembe nne kwapani mtu ataweza kunyanyua mkono bila nguo kupanda, darasa zima wamekodoa macho. Mi nikasema kimoyomoyo si kikwapa hicho! Tangu siku hiyo daftari langu lina safu mbili, jina la chuo na jina la babu, na nikiwa na fundi wa mtaani natumia la babu anaelewa hapohapo.

Sina Shida
Mimi neno moja la kizungu sijui na nina mafundi sita na kazi zinaingia. Mteja analeta picha, mshono ni huo, nashona. Mnajisumbua.

Nusu Inchi
@Sina Shida picha haisemi kitambaa kimekatwaje kaka. Niliwahi kuletewa picha ya gauni la satini linaloteleza mwilini, nikakata wima kama kawaida, likatoka gumu kama shuka limening'inizwa. Lile lilikatwa hanamu, yaani mshazari, ndo maana linavutika. Na hanamu inakula kitambaa zaidi, tena inabidi ulitundike usiku kucha kabla ya kupinda chini la sivyo pindo linashuka upande mmoja. Yote hayo nimeyajua nilipopata neno la kutafutia, kabla ya hapo ningetafuta nini sasa, "gauni linaloteleza"?

Sina Shida
Sawa basi, hebu nisaidieni, gamustifu, ile ya kukazia kola, wanaiitaje? Kuna mtu wa nje anataka orodha ya malighafi kesho asubuhi.

Cherehani Mbili
Hahahaa karibu. Andika intafesing, na useme kama unataka ya kupiga pasi au ya kushonea.

Sina Shida
Kwani ziko mbili?