Bao la kete kwenye simu: Unity, Unreal au Godot, leseni ipi haitatubana mbele ya safari?

KeteNamua (Tanga):
Wakuu, habari zenu. Tupo watatu hapa Tanga, tunatengeneza bao la simu za Android: mashimo 32, kete 64, unacheza na kompyuta au na mtu mtandaoni. Ni 2D tupu, na lazima iende hata kwenye simu ya RAM GB 2. Hela itatoka kwenye matangazo. Wasiwasi ni leseni: tukishajenga kila kitu halafu wenye injini (programu ya kutengenezea gemu, kama Unity, Unreal au Godot) wakabadilisha masharti? Halafu kuna kampuni kubwa inataka toleo lenye nembo yake. Hapo leseni inakuwaje?

Raskazoni:
Una haki ya kuogopa. Septemba 2023 Unity walitangaza ada ya hadi senti 20 za dola kila gemu inaposakinishwa, ikishavuka viwango fulani vya mapato na usakinishaji, na gemu zilizokwisha kutoka nazo zilikuwa ndani. Kwa gemu ya bure inayoishi kwa matangazo, ukishavuka hapo ni kukamuliwa kwa kila usakinishaji, mchezaji awe ameleta hela au hajaleta. Walilegeza masharti mwezi huohuo, na Septemba 2024 wakaifuta kabisa.

Sasa Unity Personal, leseni yao ya chini, ni bure mpaka mapato na fedha za wafadhili, kwa pamoja, zipite dola 200,000 ndani ya miezi 12. Ruzuku inahesabiwa, watu wengi hulisahau hilo. Ukivuka unahamia Pro, leseni ya kulipia, ambayo Januari 2025 ilipanda hadi dola 2,200 kwa mwaka kwa kila mtumiaji, na mnahama wote watatu kwa sababu kuchanganya Personal na Pro kwenye mradi mmoja hairuhusiwi. Kuhusu ile kampuni: ukimfanyia mteja kazi, zinaangaliwa fedha zake yeye. Ikiwa ni kubwa kama unavyosema, Personal haitawafaa, kwa hiyo gharama ya leseni ya kulipia inayolingana na ukubwa wake iingie kwenye bei mtakayompa.

Mzee wa Mtaji:
Unreal kwa bao? Ni kuchinja kuku kwa panga la kukatia mnazi. Ila hesabu yake ni nyepesi: mrabaha wa 5% kwa kinachozidi dola milioni 1 kwa kila gemu. Gemu ikiingiza dola 1,200,000, unalipia zile 200,000, yaani kama dola 10,000. Angalia tu kwamba wanahesabu alicholipa mchezaji, kabla duka halijakata lake.

Raskazoni:
Godot ndiyo ningeichukua kwa mradi huu. Leseni ni MIT, leseni huria: hakuna mrabaha, hakuna kikomo cha mapato, na toleo ulilokwisha kupakua halinyang'anywi masharti yake.

Shida zake ziko kwingine. Mradi ukianza na Forward+, moja ya njia za Godot za kuchora picha, unategemea Vulkan, mfumo wa michoro ambao simu nyingi za bei ndogo zinakwama nao. Chagua njia ya Compatibility tangu mwanzo, inayotumia OpenGL ES 3.0, mfumo wa michoro wa zamani zaidi. Kwa Play Store unahitaji faili la AAB: weka JDK 17 na Android SDK (zana za Java na Android), sakinisha Android Build Template ndani ya mradi, washa "Use Gradle Build", weka tiki arm64-v8a (aina ya prosesa ya simu), kisha saini kwa keystore (faili la ufunguo wa saini) yako mwenyewe, si ile ya majaribio. Export templates (violezo vya kutolea gemu) ziwe za toleo lilelile la Godot unalotumia. Zikipishana, hupati faili.

Matangazo ndiyo kikwazo halisi. AdMob, huduma ya matangazo ya Google, ina plagini (kiunganishi) rasmi ya Unity. Kwa Godot utategemea za wanajamii, na ukipandisha toleo la injini zinaweza kugoma. Jaribuni tangazo moja kwenye simu halisi kabla hamjaandika hata sheria za kutakata (kucheza bila kula kete).

KeteNamua (Tanga):
Asante sana wakuu. Hiyo MIT haitudai chochote kabisa?

Mzee wa Mtaji:
Inadai kitu kimoja: maandishi ya leseni yaambatane na gemu. Weka ukurasa wa "Kuhusu", ndani yake ita `Engine.get_license_text()`, itakurudishia maandishi, nawe uyaonyeshe hapo. Na toleo la ile kampuni liwe nao pia.