Sauti za simu na taa kwenye chumba cha mawe Mikindani: nizuieje mwangwi?

Binti Chikongola
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada wa anayejua mambo ya sauti au ya umeme.

Nimepewa chumba kwenye nyumba ya zamani Mikindani, zile za mawe ya matumbawe na chokaa, nifanye maonyesho kuhusu tunavyowasiliana siku hizi. Mtu anaingia gizani, anasikia meseji za sauti za watu wa kwetu, na kila sauti ina taa yake inayopanda na kushuka kwa kufuata maneno. Wazo limetoka kwa msanii Rafael Lozano-Hemmer. Mwaka 2013 alifunga taa 300 kwenye handaki la Park Avenue, New York. Ukiongea kwenye maiki katikati ya handaki, sauti yako inabaki ikijirudia pamoja na mwanga wake, halafu sauti za wanaokufuata zinaisukuma hadi itokee mwisho wa handaki na kupotea.

Nilizonazo zinanitosha. Kuna kijana yuko Dar anamwambia mama yake hela imeingia, acheki simu. Mama anajibu kwa Kimakonde, anamuulizia kila mtu hali yake kwanza, hela anaifikia mwishoni kabisa. Kuna mwingine kabonyeza kurekodi, akavuta pumzi muda mrefu, akasema "basi, lala salama". Hiyo ndiyo naipenda kuliko zote.

Tatizo ni kwamba nimeweka spika kubwa kwenye pembe nne, na zikilia pamoja husikii neno hata moja. Pili, hizo taa nizifuatishe sauti kwa njia gani?

Fundi Spika, Lindi
Dada, kinachokusumbua hapo ni kuta. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye chumba cha mita tano inagonga kuta zaidi ya mara kumi mtu akiwa bado kwenye silabi moja. Chokaa ngumu hainywi sauti.

Huko kwenu magunia ya korosho hayakosekani. Yakung'ute vumbi, yatundike mawili mawili, na usiyabandike ukutani. Acha nafasi ya kiganja kati ya gunia na ukuta, hiyo nafasi inasaidia sana. Spika kubwa zitoe. Weka ndogo, moja kwa kila sauti, usawa wa sikio la mtu aliyesimama, volyumu chini, ili msikilizaji alazimike kusogea. Besi ipunguze kabisa, maneno ya mtu hayakai huko.

Na usizipige zote kwa pamoja. Mmoja aongee, mwenzake aanze yule anapomalizia.

Volti Kumi na Mbili
Kwenye taa, usiguse umeme wa nyumba. Chukua taa za LED za volti 12, kila moja na transista yake (swichi ndogo ya kielektroniki), uziendeshe kwa bodi ndogo ya kielektroniki unayoipangia programu, kama Arduino. Usitumie maiki kusikilizia, itanasa spika zote na taa zitachanganyikiwa. Toa waya moja kwa moja kwenye kichezeshi cha kila sauti. Kwenye programu, chukua wastani wa kama milisekunde 50, vinginevyo taa itatetemeka na kuumiza macho. Betri ya pikipiki iwe pembeni kwa ajili ya umeme kukatika. Na hayo magunia yanashika moto haraka, kwa hiyo nyaya zikae mbali nayo.

Binti Chikongola
Asanteni sana. Volti, je, ile pumzi ya yule kijana itawasha taa? Maana hapo ndipo mtu anasema jambo kubwa bila neno.

Volti Kumi na Mbili
Itawaka, ila faili lake uliongezee nguvu peke yake. Usiruhusu programu ihesabu sauti ndogo kama kimya.

Mama Mitwero
Mwanangu, hongera. Mbona umesahau kubipu? Sisi tuliishi kwa hiyo miaka mingi. Simu ikiita mara moja ikakatika, mtu kafika salama. Mara mbili, nipigie, sina salio. Weka ule mlio na taa iwake mara moja tu, watu wa rika langu wataelewa wenyewe.

Jingine, hao wenye sauti wanajua? Mama kakubali kumwongelesha mwanawe, hakukubali kuongea na Mikindani nzima. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Binti Chikongola
Shikamoo mama. Kila mmoja nimemkalisha akasikiliza kipande chake ndipo akaamua. Yule mama wa Kimakonde aliomba kiasi cha hela kisisikike, nimekikata, akacheka akasema salamu niziache zote. Kubipu nimekuchukua, kutakaa mlangoni, kabla mtu hajaingia gizani. Magunia naanza kutafuta kesho, mwenye nayo Mtwara mjini aniandikie hapa hapa.