Njia ya baiskeli tuliyoipigania miaka miwili sasa inakatiwa risiti za maegesho ya matrela

Jamani, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Leo asubuhi nimetoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu kumpeleka binti yangu shuleni kwa baiskeli, kama siku zote za shule. Kutoka kwenye mzunguko hadi karibu na geti la forodha, matrela tisa yalikuwa yameegeshwa juu ya njia ya baiskeli. Juu yake kabisa, tairi zimekanyaga mstari mweupe. Na kijana wa maegesho anapita na kitabu chake, anakata risiti, anaichomeka kwenye waipa, anakwenda kwa trela linalofuata. Ikabidi tushuke. Nimesukuma baiskeli kwenye lami ya magari, binti yangu nimemweka upande wa ndani, na nyuma yetu lori la saruji linapiga honi kana kwamba sisi ndio tulioziba barabara.

Madereva kuegesha vibaya tumezoea. Ile risiti ndiyo imenichoma. Maana yake kuna mtu aliyekaa mezani, akaitazama njia iliyojengwa kwa ajili ya watu wa baiskeli, akaona mahali pa kukusanyia pesa, akampa mkandarasi wa maegesho.

Mji wenyewe siutaji. Ndani ya ofisi wamo watu wawili watatu waliotusaidia kimya kimya na sitaki wamwage unga kwa sababu yangu. Ni mji wa mpakani, mashariki mwa Uganda, barabara ya kwenda Kenya inapita katikati yake. Wa huku mtajua.

Kwa wasiotujua, tuko kumi na wawili. Mafundi baiskeli wawili, mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi, mama anayeuza mukene (dagaa), vijana wa boda za baiskeli, mzee mstaafu wa reli, na mimi mwenye duka la vipuri. Ofisi hatuna. Tunakutana Jumapili jioni chini ya mwembe kwa fundi na kuchanga elfu mbili mbili za kuchapisha barua. Hakuna mzungu nyuma yetu, hakuna mbunge nyuma yetu. Nalisema mapema kwa sababu kila tukiingia ofisini swali la kwanza ni hilo hilo: "Nyinyi, nani anawatuma?" Huwa tunajibu, "Mheshimiwa, tumejituma wenyewe," na naona usoni kwamba haaminiki mtu anayefanya kitu bila posho.

Tulianza kwa kuhesabu. Siku tatu, moja ikiwa ya soko, tulikaa pale kwenye mzunguko tangu alfajiri hadi jua kuzama, wawili wawili kwa zamu, tukipiga mistari kwenye daftari la shule. Baiskeli, pikipiki, matatu, magari madogo, malori. Mwalimu akasema tuandike na mizigo, na hapo ndipo mimi mwenyewe, mzaliwa wa hapa, nilipouona mji wangu. Maziwa ya asubuhi yanaingia kwa baiskeli. Makaa kwa baiskeli. Mikungu ya matoke, matofali, mukene, magodoro, kuku waliofungwa miguu, siku moja jeneza tupu linalopelekwa kijijini, limefungwa kwenye keria kwa mpira wa tairi. Baiskeli zilizidi magari madogo siku zote tatu, na siku ya soko zikayaacha mbali. Tulitoa nakala za daftari lile, tukapeleka ofisini, tukagongewa muhuri wa kupokelewa. Muhuri ninao.

Ilipokuja habari ya lami mpya, tuliitwa kwenye kikao cha wananchi. Mhandisi alibandika mchoro ukutani, na njia ya baiskeli ilikuwemo, mita 1.5 kila upande, kisha ukingo, kisha njia ya waenda kwa miguu. Tulifurahi, lakini tukaomba mita 2. Fundi wetu alileta baiskeli yenyewe mle ukumbini, majerikani ya maziwa kila upande, akaipima kwa tepu mbele ya watu wote: inakula karibu mita nzima. Sasa mwingine akitaka kuipita afanyeje? Wakakataa, wakasema ardhi haitoshi. Tukakubali 1.5. Nataka mlishike hilo, kwa sababu leo wanatuita wakorofi wasioridhika. Tuliombwa kupunguza, tukapunguza.

Lami ikaisha, rangi haikupakwa. Pesa ya rangi imekwisha, wakasema. Tukachanga tena. Mwenye duka la rangi akatupunguzia bei, afisa mmoja akatupa ruhusa ya mdomo na kutuazima koni nne za barabarani. Fundi alikata umbo la baiskeli kwenye plaiwudi kwa msumeno wa mkono. Usiku wa Jumamosi, kwa kamba, chaki na tochi, tulipaka upande mmoja, kuanzia mzunguko hadi shule. Mzee wa reli, mwenye miaka yake sabini na kitu, alipiga magoti kwenye lami hadi saa tisa usiku. Jumapili watu walipotoka kanisani walikuta watoto wanaendesha juu ya mstari ambao rangi yake ilikuwa bado inanuka.

Wiki saba. Wiki saba njia ile ilifanya kazi, na pikipiki zenyewe zilianza kuiheshimu. Kisha likaja trela la kwanza, na siku chache baadaye kitabu cha risiti.

Madereva wa matrela siwalaumu sana. Mtu ametoka Mombasa, anasubiri karatasi zake forodhani, pengine siku mbili. Yadi ya malori ipo, ina uzio na choo, ila bei yake ni kubwa kuliko ya hapa barabarani. Kama mji unakuuzia nafasi rahisi karibu na geti, utaikataaje? Dereva amelipa, ana risiti halali mkononi. Nilizungumza na mmoja wiki iliyopita, Mtanzania, akaniambia hakujua kabisa kwamba pale ni njia ya baiskeli, kwa sababu trela lililomtangulia lilikuwa limefunika alama. Akaomba radhi. Ofisini hakuna aliyewahi kutuomba radhi.

Na kuna watu wanaumia kuliko mimi. Mnaofahamu miji ya mpakani, Busia na Malaba, mnawajua wafanyabiashara wenye ulemavu wa miguu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu, zile za kuzungusha pedali kwa mikono. Wamefanya kazi hiyo miaka mingi na kusomesha watoto. Kwetu pia wapo. Mimi nikikuta trela nashuka, nasukuma, nazunguka. Mwenye baiskeli ya mkono hashuki. Hawezi kupanda ukingo, kwa sababu mteremko uliokuwa kwenye mchoro haukumwagwa. Kwake hakuna njia nyingine ila kuingia katikati ya barabara, akiwa chini, chini kabisa, mahali ambapo dereva aliyekaa juu ya kichwa cha trela hamwoni. Nimemwona dada mmoja akifanya hivyo kila siku akiwa na gunia la unga mgongoni mwa kiti chake. Kila nikimwona moyo unasimama.

Mwezi uliopita mzee wa maziwa alikwepa trela lililoegeshwa, matatu ikamgonga kwa kioo cha pembeni. Mfupa wa bega umevunjika. Muuguzi wetu ndiye aliyemfunga mkono pale pale barabarani, maziwa yanatiririka mtaroni. Sasa njia yake ya maziwa anaifanya mwanawe, ambaye angepaswa kuwa darasani.

Tulikwenda ofisini juu ya jambo hilo. Tuliketi kwenye benchi tangu saa tatu hadi saa nane. Tulipoingia tuliambiwa, nanukuu nilivyosikia kwa masikio yangu, "Baiskeli ni mambo ya zamani, mji huu unakua." Mzee wa reli alisimama akatoka nje bila kuaga. Sijawahi kumwona hivyo.

Mambo ya zamani! Neno boda boda lilizaliwa huku kwetu. Vijana wa baiskeli ndio waliokuwa wakivusha abiria kipande kile kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya, wakiita "boda, boda!", yaani mpakani, kwa sababu kutoka geti hadi geti ni mbali kwa mtu mwenye mzigo. Pikipiki zilikuja baadaye zikarithi jina. Leo dunia nzima inalijua neno hilo, na mji wa mpakani unamwambia mwenye baiskeli kwamba amepitwa na wakati.

Wala hatuombi jambo la ajabu. Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ilitoa sera ya taifa ya usafiri usiotumia injini mwaka 2012. Sera hiyo inataka waenda kwa miguu na waendesha baiskeli wafikiriwe tangu barabara inapopangwa na kuchorwa. Kampala wamejenga kipande cha mfano pale Namirembe Road na Luwum Street. Kina matatizo yake, wachuuzi na pikipiki huingia, lakini kipo. Jinja kuna wenzetu wa shirika la FABIO ambao wamepigania baiskeli miaka mingi na wanaheshimiwa. Na polisi wenyewe wametangaza kwamba mwaka 2024 watu 5,144 walikufa barabarani Uganda, wengi wao wakiwa watu wa pikipiki na wa miguu. Mtu anasomaje hesabu hiyo, kisha anakodisha nafasi ambayo ingemtenganisha mtoto na lori?

Kuna walionishauri tungoje 3 Juni, Siku ya Baiskeli Duniani, tufanye msafara. Mwaka jana tulijaribu. Kwetu Uganda siku hiyo ni ya Mashahidi, nusu ya mji iko hija Namugongo na ofisi zimefungwa, hivyo tuliendesha mbele ya milango iliyofungwa. Sitangoja tena tarehe ya mtu.

Ninachotaka ni hiki. Kitabu cha risiti kiondoke kwenye njia ile, leo kabla ya kesho. Bei ya yadi ishushwe ili madereva wawe na sababu ya kwenda huko. Vizuizi vya zege viwekwe pale mwanzoni, vile vifupi ambavyo baiskeli ya magurudumu matatu inapita katikati yake na lori haliwezi. Mchoro ulikuwa navyo. Na ule mteremko wa ukingo umwagwe. Saruji ya mteremko mmoja haizidi mifuko michache, mafundi tunao, tukikabidhiwa ruhusa ya maandishi tutaumwaga wenyewe.

Kama kuna mwanasheria humu, naomba unieleze: mji unaweza kisheria kumpa mkandarasi wa maegesho sehemu ambayo kwenye mchoro uliopitishwa ni njia ya baiskeli? Nakala ya mchoro tunayo, imegongwa muhuri. Na wenzangu wa Tororo, Mbale, Soroti, Arua, kwenu ikoje? Njia zenu bado ziko wazi au nazo zimeshakatiwa risiti?

NYONGEZA, saa mbili usiku: Kuna ndugu ameuliza mbona tusilale tu barabarani mbele ya matrela. Ndugu, kwetu wapo wenye watoto wadogo, na yupo mzee wa miaka sabini. Hatulali mbele ya lori. Tumekubaliana hivi: Jumatatu saa moja asubuhi tutakuwa pale kwenye mzunguko na daftari, tutaandika kila trela lililo juu ya njia, saa lililoingia na namba ya risiti yake, siku sita mfululizo. Barua kwa afande wa trafiki tumeshaipeleka, ameisoma mbele yetu na kuiwekea sahihi. Mama wa mukene ameshanunua daftari jipya, kurasa 96. Aliye karibu aje na kalamu.